Ford T ya 1924 au Mustang ya 1965: nichukue ipi?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni fundi magari, kazi nilijifunzia Tanga kwenye gereji ya mjomba, sasa naishi Michigan karibu na Kalamazoo. Jirani yangu mzee anahama, na ana magari mawili ya zamani. Yuko tayari kuniachia moja, bei ileile kwa lolote nitakalochagua. Moja ni Ford Model T ya 1924, bodi ya wazi ya watu watano, inawashwa kwa hendeli. Nyingine ni Ford Mustang kupe (milango miwili, paa gumu) ya 1965, nyekundu, injini ya V8, yaani silinda nane, na mzee anasema injini ndiyo ileile iliyotoka nayo kiwandani. Namba ya bodi inaanza na 5F07T. Inawaka vizuri, ila zulia la upande wa dereva lina unyevu. Anasema alisahau dirisha wazi siku ya mvua. Mke wangu anataka Mustang, watoto wanataka ile ya zamani. Ipi ni gari bora, na wewe ungechukua ipi?"

Marahaba, mdogo wangu.

Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale: herufi T mwishoni mwa 5F07T, na zulia lenye unyevu. Kabla hujazungumza bei na mzee tena, hayo mawili yaangalie kwa macho yako, na nitakueleza namna ya kuyaangalia. Lakini umeuliza pia ipi ni gari bora, na kwa magari haya mawili huwezi kupata jibu kwa kulinganisha spidi na nguvu. Yametoka kampuni moja, eneo moja la Detroit na viunga vyake, yamepishana miaka 41, na bado ukishaijua moja vizuri, nyingine unaianza darasa la kwanza.

Tuanze na mkubwa wao.

Model T ilianza kuuzwa Oktoba 1908. Za mwanzo zilitengenezwa kwenye jengo la matofali la Mtaa wa Piquette, Detroit, ambalo limesimama hadi leo na limegeuzwa makumbusho. Henry Ford na wenzake, kina Childe Harold Wills na Joseph Galamb, walikuwa wakimfikiria mkulima wa Marekani ambaye njia yake ni tope mvua ikinyesha na vumbi jua likiwaka, na fundi yuko mbali. Ndiyo maana gari liko juu na ni jepesi, na springi zake ni mbili tu, moja mbele na moja nyuma, zimelazwa kukingama. Ukilipitisha mtaroni, gurudumu moja linapanda, jingine linashuka, na fremu inajipinda kufuata ardhi. Vyuma vinavyobeba mzigo vilichanganywa na vanadiamu, metali inayokifanya chuma kiwe imara zaidi, jambo geni kabisa wakati ule kwa gari la bei ya chini. Ford ya Kanada ndiyo iliyokuwa ikizipeleka makoloni ya Waingereza, usukani ukiwa upande wa kulia, na katika vita ya 1914 hadi 1918 jeshi la Waingereza lilizitumia huko kwetu Afrika Mashariki. Gari la kilo mia tano na kitu, likizama matopeni, watu wachache wanalinyanyua kwa mikono.

Injini ni ya silinda nne, sisi 2,900 hivi, nguvu ya farasi 20. Bodaboda ya sisi 150 inafikia zaidi ya nusu ya hiyo. Ila nguvu ya T inapatikana injini ikizunguka polepole, kwa hiyo inavuta kama ng'ombe wa jembe, haina haraka na haikatai. Ukifungua boneti utatafuta vitu usivione. Hakuna pampu ya maji: maji yakipata moto yanapanda yenyewe kwenda kwenye radieta, yakipoa yanashuka. Hakuna pampu ya oili: flaiwili inaichota na kuirusha, nyingine inashikwa na bomba dogo na kupelekwa mbele. Kipimo cha oili ni vibomba viwili vidogo chini ya injini. Unafungua cha juu, ikitiririka imezidi, kisha cha chini, isipotoka imepungua. Hakuna pampu ya petroli pia. Tangi liko chini ya kiti cha mbele, petroli inateremka yenyewe hadi kwenye kabureta. Kilima kikiwa kikali na tangi liko nusu, kabureta inakuwa juu kuliko petroli na injini inakata. Wazee walikuwa wanageuza gari na kupanda kilima kinyumenyume. Na kabla hujatoka nyumbani unamwinua abiria, unanyanyua kiti, unachovya kijiti tangini kujua zimebaki inchi ngapi.

Umeme wa plagi unatengenezwa na sumaku 16 zilizofungwa kwenye flaiwili yenyewe, unapita kwenye koili nne zilizo ndani ya kisanduku. Nakueleza haya yote kwa sababu ni faida kubwa kwako kama fundi: kila kinachofanya kazi kwenye T unakiona au unakigusa. Ugonjwa wake haujifichi.

Halafu kuna suala la spea. Mwaka 1913, kiwanda cha Highland Park, chesisi zilianza kuvutwa mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kuzunguka kuzifuata. Kuunga chesisi moja kulikuwa kunakula zaidi ya saa 12. Kukashuka hadi saa moja na dakika 33. Januari 1914 Ford akatangaza mshahara wa dola 5 kwa siku ya saa nane, maana kazi ile ya kurudiarudia ilikuwa inawakimbiza watu. Bei ya gari ikaporomoka: dola 850 mwaka 1908, dola 260 kwa bodi ya watu wawili katikati ya miaka ya 1920. Hadi uzalishaji unasimama mwaka 1927 zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 15, na kuanzia 1914 hadi 1925 rangi ilikuwa nyeusi peke yake. Gari lililotengenezwa hivyo, lote sawa na jingine, ndilo leo linakupa nafasi ya kuagiza beringi, gasketi, koili, hata spoku za mbao, na zikaingia bila kupigwa tindo. Ya mzee ikiwa na kichwa cha injini cha mwaka mwingine, hakuna anayepungukiwa usingizi.

Sasa nikupeleke mbele ya radieta, asubuhi ya baridi.

Kwanza ingia ndani, vuta hendibreki hadi nyuma kabisa. Wenzo huo una kazi mbili: unabana breki za magurudumu ya nyuma na unaliweka gari fri. Chini ya usukani kuna vijiti viwili. Cha kulia ni ekseleta, ya mkono, si ya mguu. Cha kushoto kinawahisha au kuchelewesha moto wa plagi. Kipandishe juu kabisa ili moto uchelewe. Hapo usikosee. Moto ukiwahi wakati unapiga hendeli, pistoni inarudishwa kabla haijafika juu, na hendeli inageuka kinyume kwa nguvu yote ya injini. Hadi leo kuna mvunjiko wa mfupa karibu na kifundo cha mkono ambao madaktari wanauita kwa jina la madereva wa enzi hizo.

Zunguka mbele. Kuna waya mdogo wenye kitanzi umetokeza karibu na radieta, hiyo ni choki. Ivute, zungusha hendeli mara mbili tatu swichi ikiwa imezimwa ili petroli iingie. Rudi uwashe swichi: kama mzee aliongeza betri, upande wa betri, na huenda ukasikia koili moja ikianza kulia kama nyuki ndani ya kisanduku. Kamata hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikilala upande mmoja na vidole vingine, kisiukumbatie mpini. Isukume ndani mpaka ing'ate, kisha vuta juu, mara moja, kwa ghafla. Kuvuta juu tu, usisukume kwenda chini hata siku moja. Ikiwaka, nenda kateremshe kijiti cha moto. Siku ya baridi kali oili nzito inagandisha sahani za klachi, na gari linaweza kuanza kukusogelea polepole ukiwa umesimama mbele yake, kwa hiyo weka gogo mbele ya magurudumu.

Kuendesha ndiko kunakohitaji kichwa kipya. Pedali ni tatu, zimeandikwa C, R na B. Ya kushoto, ikikanyagwa hadi chini ni gia ya kwanza. Ikiwa katikati ni fri. Ukiiachia ipande juu, na wenzo wa hendibreki umesukumwa mbele, ni gia ya pili, nayo ndiyo ya mwisho. Ya katikati ni rivasi. Ya kulia, pale mguu wako ulipozoea ekseleta, ni breki.

Siku yangu ya kwanza kuiendesha, mwenye gari alikaa pembeni yangu. Tulikuwa tunairudisha bandani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nikataka kusimama, na mguu wa kushoto ukafanya ulichokizoea miaka ishirini: ukakanyaga klachi hadi chini. Kwenye T, hadi chini maana yake gia ya kwanza. Gari likavuta mbele, na kadiri ukuta ulivyosogea ndivyo nilivyozidi kukanyaga. Mwenye gari akanyoosha mkono akazima swichi. Tulisimama ukuta ukiwa umbali wa kiganja. Wewe umeendesha magari ya klachi ya kawaida tangu Tanga, kwa hiyo uko kwenye hatari kubwa kuliko mtoto ambaye hajawahi kuendesha chochote. Bahati yako unaishi mahali pazuri: makumbusho ya magari ya Gilmore, pale Hickory Corners, si mbali na kwako, wana mafunzo ya kuendesha Model T, kwa magari yao wenyewe. Nenda kabla hujatoa hata dola moja. Nenda na watoto.

Ukifika kwa mzee, kagua mambo haya kwenye T. Breki ya mguu haiko magurudumuni. Inabana dramu iliyo ndani ya giaboksi, nguvu yake inashuka kwa shafti hadi kwenye difu, ndipo inafika magurudumu ya nyuma. Mbele hakuna breki kabisa. Ndani ya difu kiwandani waliweka washa za kubeba msukumo zilizotengenezwa kwa babiti, chuma laini cha beringi za zamani. Babiti ya miaka mia ikimeguka, gia kubwa ya difu inasogea na kuachana na ndogo, na hapo unakosa mwendo na unakosa breki kwa pamoja. Ukiwa kilimani huna kitu isipokuwa hendibreki. Muulize mzee kama washa hizo zilishabadilishwa kuwa za shaba nyeusi. Akisema hajui, chukulia hazijabadilishwa, na difu lifunguliwe kabla gari halijabeba mtu. Uliza pia kama ana breki za ziada za nje kwenye magurudumu ya nyuma. Zinauzwa, na mimi ningezifunga wiki ya kwanza. Kisha inua kila gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Spoku za mbao zikilia au zikicheza, gurudumu hilo linahitaji mbao mpya. Mwisho shika puli ya mbele ya krankishafti uivute na kuisukuma: ikicheza mbele na nyuma ukaiona kwa macho, beringi ya nyuma ya injini imekwisha, na kumwaga babiti mpya ni kazi ya mtu maalumu na ni ya gharama.

Basi, hayo ndiyo mabaya ya T. Siku moja ya kazi na jeki, umeyajua yote.

Mustang ni habari nyingine. Ilizinduliwa 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Lee Iacocca na Donald Frey, wakubwa wa kampuni ya Ford, waliona vijana waliozaliwa baada ya Vita ya Pili ya Dunia wanaingia sokoni, wanataka gari lenye sura, na hawana hela nyingi. Badala ya kubuni gari jipya kuanzia chini, walichukua Falcon, gari dogo la familia, wakalivalisha bodi yenye boneti ndefu na buti fupi. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 2,368. Siku ya kwanza peke yake oda zilikuwa 22,000, na ndani ya mwaka mmoja ziliuzwa 418,812. Mwaka 1966 walishapita milioni.

Lakini ile bei ilikuwa mlango tu. Ndani kulikuwa na orodha ndefu: injini ya silinda sita au V8 za nguvu mbalimbali, giaboksi ya mkono au otomatiki, breki za diski mbele, redio, viti, rangi. Henry Ford aliuza gari moja kwa kila mtu. Miaka 40 baadaye kampuni yake ikawa inauza gari tofauti kwa kila mtu, kwa jina moja. Ndiyo maana kwenye T hakuna anayeuliza namba sana, na kwenye Mustang namba ndiyo cheti cha kuzaliwa.

Isome yako. 5 ni mwaka 1965. F ni kiwanda cha Dearborn. Ingekuwa R ni San Jose, T mahali hapo ingekuwa Metuchen, New Jersey. 07 ni kupe, kwa hiyo bodi inakubaliana na ulichokiona. Herufi inayofuata ni ya injini, na T ni silinda sita, inchi za ujazo 200, farasi 120. V8 zingekuwa C, A, K, au kwa zile za miezi ya mwanzo F na D. Hata tarehe inajionyesha: injini hiyo ya T ilianza na magari yaliyotoka kuanzia Agosti 1964, zilizotangulia zilikuwa na sita ndogo zaidi, herufi U.

Kwa hiyo gari la jirani yako lilitoka kiwandani na silinda sita, na V8 iliwekwa baadaye. Usimwite mzee mwongo. Anaweza kuwa alilinunua hivyo miaka mingi iliyopita na akaambiwa alichokuambia. Ila hakikisha umeisoma namba iliyogongwa kwenye bati lenyewe, ndani ya boneti, juu ya bati la ndani la mudguard upande wa dereva. Kibati cha namba cha mlangoni kinang'oka, na mlango wenyewe unaweza kuwa wa gari jingine.

Hapo si suala la thamani tu. Inama uhesabu nati za magurudumu. Mustang ya silinda sita ilikuja na nati nne kila gurudumu, ya V8 ikaja na tano. Aliyebadilisha injini kwa uangalifu alibadilisha na ekseli ya nyuma, dramu za breki, springi za mbele na vyuma vya usukani, kwa sababu vya silinda sita ni vyembamba na dramu zake ni za inchi 9 badala ya 10. Ukikuta nati nne chini ya V8, mtu aliongeza nguvu akaacha breki ndogo zilezile. Gari hilo litakimbia vizuri sana kwenye barabara ya I-94, na siku lori la mbele yako likisimama ghafla ndipo utajua kilichoachwa.

Sasa zulia. Angalia chini ya kioo cha mbele, utaona matundu membamba kwenye bati. Mvua inaingia humo kwa makusudi: chini yake kuna boksi la bati lililofungwa, maji yanatembea kwenda pembeni na kutokea nyuma ya mudguard za mbele. Lakini boksi hilo lina matundu mawili ya kuingiza hewa ndani ya gari, moja kila upande, kila moja limezungushiwa ukingo wa bati uliosimama kama kofia. Kiwandani ukingo huo haukukingwa vizuri. Majani yanaingia, yanaoza, yanashika unyevu, kutu inakula kofia, na maji badala ya kwenda nje yanadondokea miguuni. Ya upande wa dereva inadondokea pale pale uliposema zulia limelowa.

Nenda siku kavu. Ng'oa zulia pembeni, futa bati likauke kabisa. Mtu wako alale ndani, kichwa chini ya dashibodi, ana tochi. Wewe mwaga maji kwa jagi, taratibu, kwenye matundu ya upande wa dereva tu. Subiri. Kisha upande wa abiria. Maji yakitoka chini nyuma ya mudguard zote mbili na ndani kukabaki kukavu, mzee alisahau dirisha kweli. Yakidondoka ndani hata tone, ujue boksi limetoboka, na kulifikia ni kuondoa mudguard, kutoboa sehemu zote zilizochomelewa kwa nukta, kufungua bati la juu, kuweka jipya, kuchomelea upya na kupiga rangi. Spea zipo, karibu kila bati la bodi ya Mustang hii linatengenezwa upya. Kazi ndiyo kubwa.

Tena hilo ni la juu. Maji yaliyodondoka miaka hamsini yamekwenda wapi? Mustang haina fremu ya chini kama T. Sakafu ndiyo fremu. Mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa pamoja ndiyo yanayobeba injini, watu na kila kitu. Kutu ya sakafu kwenye gari hili ni kutu ya uti wa mgongo. Na Michigan wanamwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi. Lala chini yake na bisibisi, gonga reli za chini kuanzia mbele hadi nyuma ya kiti cha dereva. Bati zima linalia, lililooza linanyamaza au linazama. Chukua sumaku ndogo ya friji, ifunge kitambaa laini, ipitishe chini ya milango na kuzunguka magurudumu ya nyuma. Mahali isiposhika ni puti. Rangi nyekundu yenye kung'aa haikuelezi kitu. Kisha fungua mlango wa dereva polepole utazame ukingo wake wa nyuma: ukidondoka kidogo unapoachia kitasa, ama bawaba zimelika ama bodi imeanza kulegea.

Ndani ya boneti angalia minara miwili ya bati inayopokea springi za mbele. Springi ya Mustang inakaa juu ya mkono wa juu, kwa hiyo kila shimo la barabara linagonga mnara huo. Minara hupasuka, na iliyobebeshwa V8 mahali pa sita ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Kuna jambo la familia sitalipita haraka. Tangi la petroli la Mustang ya 1965 limeshushwa kwenye tundu la sakafu ya buti, mgongo wake ndio sakafu yenyewe, na kati ya buti na kiti cha watoto hakuna ukuta wa chuma. Mikanda iliyokuja nayo ni ya kiunoni, haina ya bega. Nguzo ya usukani haikunjiki ikigongwa. Silinda kuu ya breki ni ya chumba kimoja, bomba moja likipasuka magurudumu yote manne hayana breki. Kuanzia 1967 ndipo ilipogawanywa. Yote haya yanarekebishika: ukuta wa chuma nyuma ya kiti, silinda ya vyumba viwili, mikanda ya bega. Yafanye kabla ya watoto kupanda. Utaniuliza mbona T haina hata kimoja cha hivyo, haina mkanda kabisa. Ni kweli. Tofauti ni kwamba T utaiendesha maili 30 au 35 kwa saa kwenye barabara za mashamba, na hakuna atakayekushawishi uipeleke I-94. Mustang inakuita huko yenyewe, ina kasi ya leo na kinga ya zamani, na hapo ndipo watu wanaposahau.

Ipi ni bora, basi? Kwa kusafiri, kwa kumpeleka mama watoto kula chakula cha jioni Jumamosi na kurudi usiku taa zikiwaka vizuri, Mustang, bila ubishi, ikiwa nzima. Kwa ubunifu wa kifundi, kwangu mimi T iko mbali mbele. Mustang ilikuwa werevu wa kuuza, bodi nzuri juu ya gari lililokwishakuwepo. T ilikuwa jibu jipya kwa kila swali: chuma, gia, umeme, namna ya kuunga. Nimefungua injini nyingi, na ni chache zilizonifanya nikae kwenye stuli nikiitazama tu kama ile.

Kwa hiyo fanya hivi. Maji yakitoka nje, nati zikiwa tano na breki za V8, bisibisi isizame popote, chukua Mustang umfurahishe mkeo, na mwambie mzee kwa heshima kwamba namba inasema sita, bei izungumzwe upya. Kimoja kati ya hivyo kikishindwa, iache. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja ndani ya miaka miwili. Nyingine yenye uti mzima utaipata.

Mimi ningechukua T hata Mustang ikifaulu, na sababu yangu ni huyo mzee mwenyewe. Anahama. Yeye ndiye anayejua hiyo T inataka choki kiasi gani asubuhi ya Novemba, kijiti cha moto kikae wapi ikiwa kwenye kilima, koili ipi kati ya nne inasumbua, na lini difu lilifunguliwa mara ya mwisho. Mustang ya mtu yeyote utaisoma kwa namba na bisibisi. T anakuelekeza aliyeishi nayo, akiwa amekaa pembeni yako. Akishapakia vitu vyake, maarifa hayo yameondoka naye. Mwombe wikiendi mbili kabla hajahama, nenda na daftari, na umwache mtoto wako mkubwa anyanyue kiti na kuchovya kijiti tangini.

Ukishamwaga maji, niandikie yalitokea wapi.